Fika Kumi, Järntorget

Wanangu mnaoanza kazi ya kutembeza wageni hapa Stockholm, nina hasira na sitaki kuificha. Nimestaafu, magoti yangu yameliwa na mawe ya Gamla Stan, yaani mji wa kale, na daktari ameniambia nipunguze chumvi na nipunguze kukasirika. Chumvi nimepunguza.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa pale Järntorget, ule uwanja mdogo ulio mwisho wa mji wa kale kwa upande wa Slussen, nakunywa kahawa yangu. Kikapita kikundi cha wageni, kila mmoja na kidude sikioni, na mbele yao binti mwenye mwavuli mwekundu. Nikamtambua. Alikuwa Ornella wa mtaa wa Vårby gård, binti wa Kirundi niliyemwandikia mwenyewe barua ya kumwombea kazi katika kampuni yangu ya zamani. Nilifurahi kweli, nikasogeza kiti nimsikie vizuri.

Alikuwa anawaeleza neno fika, ambalo kwa Waswidi ni kukaa na wenzako mkanywa kahawa na kitu kitamu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekariri, kwamba hapo zamani kampuni iliwaalika wanawake fulani wa Kiafrika kwenye fika asubuhi, nao wakajitokeza jioni wamevaa kama wanakwenda harusini, kwa sababu huko kwao saa huvaliwa kwa urembo. Wageni wakacheka. Ornella naye akacheka, akainua mwavuli wake, wakaondoka.

Mimi sikucheka, maana wanawake wale nawajua kwa majina. Mmoja wao ni Domitila, mama yake Ornella, aliyemzaa, na mtoto hana habari kwamba anamtangaza mamake kwa wapita njia. Na aliyekosea siku ile si Domitila wala wenzake. Nitawaambia ni nani, lakini mnivumilie kidogo, kwa sababu mimi nikisimulia hupitia vichochoroni.

Nilikuja nchi hii kutoka Tanga kusomea kazi ya hoteli. Nilipanga vikombe vya chai ya asubuhi miaka mingi kabla sijafanya mtihani wa kutembeza wageni, na mtihani wenyewe haukuwa mchezo: wafalme, mioto, makanisa, nani alikatwa kichwa na kwa nini. Nilifaulu, nikapewa beji. Basi siku yangu ya kwanza nikasimama na bango langu, beji kifuani, na wageni wangu wakanipita wakaenda kumzunguka mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa anamtembeza mbwa wake. Walidhani yeye ndiye. Mzee wa watu akashindwa hata kukohoa, na mbwa akaanza kubweka.

Toka siku ile nilijifunza kusema kabla ya kuulizwa. Wakikaribia tu, natoa sauti: "Karibuni, mimi ni Zuhura, choo kiko kulia kwenu, nendeni sasa maana kingine kiko mbali." Mtu ukishamwonyesha choo, anakuamini hata ukimweleza habari za wafalme. Ninyi mnajua tarehe zote, lakini jifunzeni vyoo kwanza. Na msiseme na watu wanapotembea juu ya mawe yale, wataangalia midomo yenu waanguke. Simameni, ninyi ndio muuelekee upepo, wao waupe kisogo, ndipo muanze.

Jambo jingine ni kuuliza nani hali nini kabla hamjaondoka. Kababu za Kiswidi mara nyingi huwa za nyama mbili zilizosagwa pamoja, ya ng'ombe na ya nguruwe. Bosi wangu alitaka niseme "nyama" tu nikomee hapo, kwa sababu maswali yanachelewesha ziara. Nikamwambia mimi mwenyewe siigusi sahani hiyo, sasa nimlishe mwenzangu wa imani kwa kufumba mdomo? Akasema hakuna atakayejua. Damu ilinichemka hadi masikioni. Niliendelea kusema, kila ziara, kwa sauti kubwa, "hapa kuna nguruwe", na Alhamdulillahi hakunifukuza, kwa kuwa wageni waliandika kwamba wananipenda.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa bosi. Alikuwa mama mmoja wa Kiswidi, Gunvor, mwenye mgahawa mdogo chini ya ardhi, katika kichochoro cha Gamla Stan ambacho mtu mnene angepita upande upande. Mara ya kwanza aliponipa mkate wake wa iliki niliunusa nikaanza kucheka peke yangu, kwa kuwa ulinukia mahamri ya nyumbani. Akaniuliza nacheka nini. Nikamweleza, akaenda jikoni akaniletea mwingine. Toka hapo ziara zangu zote zikaishia kwenye meza yake.

Gunvor alikuwa na sheria moja: hakuna anayekula akiwa amesimama. "Mtu aliyesimama bado yuko njiani," aliniambia. Nilikuwa nawashusha wageni ngazi zile za mawe, wanakaa, wanavua makoti, na hapo ndipo maswali ya kweli yalipoanza. Mmarekani aliyenuna saa mbili nzima angeanza kusimulia habari za bibi yake. Leo hayo yamekwisha. Leo mnawalisha watu kwenye vikombe vya karatasi huku wanatembea, samaki wa siki hapa, kababu pale, kisha mnawafungulia kopo la samaki wa kuvunda ili wazibe pua na wapigane picha. Chakula ambacho watu wa kaskazini wanakila kwa heshima, na viazi na mkate, kimefanywa kichekesho cha barabarani. Na pale kwa Gunvor, Mungu amrehemu, sasa wanauza kofia za plastiki zenye pembe, na Waviking wenyewe, wale mabaharia wa kale wa huku, hawakuvaa pembe! Nisiendelee, presha itapanda.

Sasa turudi kwa Domitila. Alikuwa na miezi mitano tu nchini nilipokutana naye kwenye duka moja Skärholmen, akitafuta unga wa muhogo. Alikulia kambini Kigoma, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na alikuwa kiongozi wa akina mama wa Kirundi wanaosali pamoja Vårby gård. Akaniambia kila siku treni inampitisha kituo cha Gamla Stan, na hajawahi kushuka, kwa sababu hajui kama pale wanaruhusu watu kuingia bure. Hilo liliniuma. Nikamwendea bosi, nikamganda mpaka akakubali akina mama kumi na mmoja watembezwe siku moja bila malipo, na Gunvor akakubali kuwaandalia meza.

Kazini kwetu tulikuwa tunapeana habari kwa ujumbe mfupi wa simu, maneno matatu manne basi. Ziara inayoanza kwa kahawa saa nne asubuhi, ambayo kwenye saa ya Waswidi ni kumi, tuliandika hivi: Fika 10 Järntorget. Nilikuwa nimeandika maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba vidole viliyajua vyenyewe. Basi nikamwandikia Domitila hivyo hivyo, nikatuma, nikaendelea na shughuli zangu.

Ninyi mnaojua lugha zote mbili mmeshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa nimekaa Uswidi mpaka nikasahau kwamba fika ni neno letu. Domitila alisoma alichoandikiwa na dada yake wa Kitanzania: fika saa kumi, Järntorget. Akawatangazia wenzake saa kumi. Akaomba ruhusa ya kutoka mapema kwenye darasa la Kiswidi. Akapiga pasi nguo yake ya sherehe, ile imvutano ya Kirundi inayofungwa begani.

Asubuhi ile mimi nikasimama Järntorget peke yangu. Saa nne ikapita, saa nne na nusu, saa tano. Nilimpigia Domitila, simu imezimwa, alikuwa darasani. Bosi alipita na baiskeli yake, akatazama uwanja mtupu, akasema, "Saa za Kiafrika, eh?" Niliona haya, na haya yangu ikageuka hasira, na hasira nikawashushia wale akina mama. Nimewatafutia nafasi kwa jasho, wananiaibisha! Nikaenda zangu nyumbani Farsta, nikazima simu, nikalala.

Saa kumi kamili walikuwa pale. Hakuna aliyechelewa hata dakika. Ilikuwa Oktoba, na mnajua upepo wa maji ya Slussen unavyopenya. Walisimama kumi na mmoja kwenye mstari, nguo za sherehe, viatu vya wazi, na Domitila na kichanga mgongoni. Alinipigia mara saba, simu yangu imezimwa. Walikaa hivyo karibu saa nzima, watu wakiwapiga picha.

Gunvor ndiye aliyewaona, alipopanda juu kuchukua kibao chake cha matangazo alichokiweka pale uwanjani. Hakujua Kirundi, hawakujua Kiswidi. Aliwahesabu kwa kidole, moja, mbili, mpaka kumi na moja, akamshika Domitila mkono akawashusha chini. Meza ilikuwa bado imetandikwa tangu asubuhi. Msaidizi wake alitaka kuitandua mchana, Gunvor akakataa, akasema watu walioalikwa watakuja.

Kesho yake alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni. "Zuhura, uliwaandikia nini?" Nikamwonyesha simu. Akasoma, akafikiri. "Na kwenu, fika maana yake nini?" Nikamwambia ni kuwasili. Akaniuliza na kumi ni saa ngapi, nikamweleza kwamba sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Akanirudishia simu. "Basi walifanya ulichowaambia," akasema, akaingia ndani akaniacha kwenye ngazi.

Hapo nilikuwa nimeshajua. Nataka mlishike hilo, kwa sababu yanayofuata niliyafanya nikiwa najua.

Nilikwenda ofisini, bosi akaniuliza mbele ya wote imekuwaje kwa "wale wenzako". Ningesema, ni mimi niliyekosea. Badala yake nikaifanya kichekesho: fika hivi, kumi vile, basi wakaja jioni na nguo za sherehe! Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Jioni Domitila akanipigia. Alisema, "Dada Zuhura, tusamehe. Ulituandikia kumi, na sisi tulifika kumi, ila naona hapa wanahesabu vingine. Sisi ni wageni, hatujajua. Tumekuharibia kazi." Na mimi, wanangu, mimi niliyemwandikia, nilimjibu, "Hamna neno, mtazoea." Nilipokea msamaha ulionipasa mimi kuuomba. Niliuweka mfukoni nikanyamaza.

Kichekesho kikashika miguu. Kilisimuliwa kwenye chakula cha mchana, kisha kwenye sherehe za kampuni, kisha nami nikakisimulia kwa wageni, kwa kuwa kilichekesha. Mwaka hadi mwaka kikapungua kitu: ujumbe wa simu ukatoka, Zuhura akatoka, Gunvor akatoka. Wakabaki akina mama wa Kiafrika wasiojua saa. Ndivyo kilivyochapwa kwenye karatasi wanazopewa watembezaji wapya, na ndivyo kilivyomfikia Ornella.

Siku ile pale Järntorget nilimsubiri amalize ziara. Alinikumbatia, nikamkalisha, nikamwambia kile kisa kimeniudhi. Akatabasamu. "Men tant Zuhura, det är bara ett skämt," akasema, yaani ni utani tu. Mnaona? Kwao bara ni "tu". Kwangu bara ni kule walikotoka wale akina mama, na nikahisi kama anayafuta yote kwa neno moja.

Nikamwambia, "Wale wanawake walikuwa kumi na mmoja, na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto yule leo ana mwavuli mwekundu."

Ornella huwa ananijibu Kiswidi hata nikimsemesha Kiswahili. Aliufunga na kuufungua ule mwavuli. Kisha akauliza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno, "Mama... anajua?"

"Mama yako anajua alichelewa," nikamjibu. "Hajui kwamba hakuchelewa."

Akaniuliza nani atamwambia. Hakulisema kwa ukali, lakini alinitazama mpaka nikainamisha macho. Jumapili nikapanda treni kwenda Vårby gård.

Domitila alikuwa jikoni anapika maharage. Nilikataa kukaa, maana niliogopa nikikaa nitaghairi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye mlango wa jiko: ujumbe, simu niliyoizima, maneno ya Gunvor, kicheko changu ofisini. Alizima moto. Akaweka mwiko chini.

"Miaka yote hii," akasema, "treni ikisimama Gamla Stan mimi naangalia viatu vyangu. Unajua wenzangu walisema nini? Walisema Domitila alitusimamisha kwenye baridi kama mbuzi wa mnada. Hawakunituma tena kitu. Uongozi walimpa mwingine, na mimi niliona ni haki yao, kwa sababu nilijua mimi ndiye mjinga. Na wewe ulikuwa unajua!"

Nikasema nilikuwa najua.

"Na ukasema mtazoea!"

Nikasema ndiyo, nilisema. Nikamwomba anisamehe. Alinitazama kwa hasira, na nilifurahi kuiona hasira ile, maana ilikuwa imekaa kwa mtu asiyestahili tangu zamani, na sasa imepata mwenyewe.

"Sijasema nimekusamehe," akasema. "Kwanza utawaambia wao. Sasa hivi, hapa, nikisikia."

Basi akatoa simu yake, akaweka sauti ya juu, akawapigia mmoja mmoja. Wawili wamehamia mbali na namba zao hana, mmoja amefariki, wawili hawakupatikana. Waliobaki niliwaambia maneno yale yale, nikiwa nimesimama pale pale, maharage yakipoa. Wa kwanza alilia. Wa pili alinitukana kwa Kirundi, na Domitila hakunitafsiria, alitikisa kichwa tu kwa kuridhika. Wa tatu akasema, "Imana! Mungu wangu! Kumbe Domitila hakukosea?" akaomba apewe Domitila, wakaongea mpaka nikajikalisha bila kukaribishwa. Alipomaliza na wote, akanipakulia maharage. Bado hakusema kwamba amenisamehe, na sikumuuliza.

Wakati naondoka akaniambia, "Ile ziara yangu bado nakudai."

Kuhusu kazini, Ornella alikwenda kumwambia bosi wa sasa kwamba kisa kile hatakisimulia tena, na akaeleza kwa nini. Ameambiwa watalizungumza. Mimi nimewaandikia barua, nikaweka jina langu na yote niliyofanya, na hawajajibu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Mkipewa karatasi ya kukariri, isomeni nyumbani kwanza, mjiulize anayechekwa humo ni nani na yuko wapi leo. Na mkikosea, semeni siku ile ile, kwa sababu mimi nimewaonyesha kinachotokea ukingoja.

Ijumaa nilimwandikia Domitila ujumbe, na safari hii niliuandika polepole, miwani puani: "Mama Ornella, kesho Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa Järntorget. Njoo na wenzako. Ornella atatutembeza, kisha tutakunywa kahawa tumekaa." Nikausoma mara tatu kabla ya kuutuma.

Asubuhi nikatoka Farsta mapema, nimevaa vizuri. Treni ikasimama Gullmarsplan, mlango ukagoma kufungika, tukatangaziwa tusubiri. Nikatazama saa. Saa nne kasoro tano. Saa nne. Simu ikalia mkobani, ujumbe kutoka kwa Domitila.

"Nimefika. Tuko sita, tumeshakaa. Wewe uko wapi?"